Kihariri Kinapodanganya kwa Niaba ya Mwandishi

Mwaka 2008 kampuni ya Opera ya Norway ilikagua kurasa za wavuti zipatazo milioni 3.5 ili kuona ni ngapi zilizoandikwa kwa kufuata kanuni za HTML, lugha ya alama (tagi) inayotumika kuandika kurasa hizo. Zilizofaulu zilikuwa kama asilimia 4 tu. Hata miongoni mwa zile zilizobandikwa nembo ya kujivunia kwamba zimekaguliwa zikapita, ni karibu nusu tu zilizopita kweli. Lakini takwimu iliyozungumza zaidi ilihusu programu zilizotumika kuziandika. Kurasa za iWeb, programu ya Apple iliyotoka mwaka 2006 kwa ajili ya mtu wa kawaida nyumbani, zilifaulu kwa zaidi ya asilimia 80. Za Dreamweaver, iliyopendwa na mafundi wa tovuti wenyewe, zilifaulu kama asilimia 3. Za FrontPage ya Microsoft hazikufika asilimia 1.

Ukisoma namba hizo peke yake utampa iWeb kombe. Ukizifungua kurasa zenyewe utasita. iWeb ilipanga kila kitu ndani ya maboksi yaliyowekwa mahali pake kwa vipimo vya pikseli, na maandishi yaliyopambwa kwa kivuli au kuinamishwa iliyageuza kuwa picha. Picha ya maneno ni halali kabisa mbele ya kikaguzi, ila asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini hapati neno hata moja ndani yake. Kwa upande mwingine, FrontPage ilichafua msimbo lakini ilimpa karani wa ofisi au mwalimu wa shule kile alichokitaka: ukurasa unaoonekana kama alivyoukusudia, bila kujifunza tagi hata moja. Basi kufaulu kanuni kunapima nini hasa, na anayepaswa kubeba mzigo wa kanuni hizo ni nani: anayeandika, au programu anayoandikia?

Swali hili ni la zamani kuliko linavyodhaniwa. Programu ya kwanza ya wavuti, aliyoiandika Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1990, ilikuwa kivinjari na kihariri kwa pamoja. Mtumiaji alisoma ukurasa na kuubadilisha palepale, wala hakutarajiwa kuziona tagi. Vivinjari vilivyoenea baada ya hapo viliacha sehemu ya kuhariri, na watu wakaanza kuandika HTML kwa mkono katika programu za maandishi ya kawaida. Kwa mkono maana yake kwa makosa. Kivinjari kilichokataa kuonyesha ukurasa wenye kosa kingepoteza watumiaji kwa kile kilichokubali, kwa hiyo vyote vikajifunza kusamehe, kila kimoja kwa namna yake. Mwandishi naye hakuambiwa kamwe kwamba amekosea, akaamini kuwa kinachoonekana vizuri kimeandikwa vizuri. Imani hiyo ndiyo mzizi wa matarajio yote yanayofuata.

W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, ilijaribu kuirekebisha kwa ukali. XML, lugha ya alama iliyoidhinishwa Februari 1998, iliagiza kwamba programu ikikuta kosa la muundo isimame, isiendelee kubashiri. Januari 2000 ikaja XHTML 1.0, yaani HTML iliyovikwa nidhamu hiyo. W3C na washirika wake wa INRIA, taasisi ya utafiti ya Ufaransa, walikuwa pia na kihariri chao, Amaya, kilichotengenezwa tangu mwaka 1996 kuonyesha kwamba mtu anaweza kuhariri kwa macho na bado akatoa msimbo safi. Kilikuwa kazi ya kuheshimika, na toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2012 bila ya kuwahi kuwa kihariri cha umma.

Ukali wenyewe haukuwahi kufanya kazi mitaani. Internet Explorer, kivinjari kilichotawala wakati huo, haikuweza kufungua XHTML iliyotumwa kwa jina lake halisi hadi toleo la 9 mwaka 2011. Watu wakaandika XHTML, wakaituma kama HTML ya kawaida, na vivinjari vikaisoma kwa msamaha uleule wa zamani. Waliothubutu kuituma kwa jina lake waligundua jambo jingine: maoni ya msomaji mmoja yenye alama moja isiyofungwa yaliweza kuuangusha ukurasa mzima, na badala ya makala wasomaji wakaona ujumbe wa kosa. Adhabu ilimwangukia msomaji, ambaye hakuwa na kosa wala uwezo wa kulirekebisha.

Njia iliyoshinda ilianza Juni 2004, pale watu wa Apple, Mozilla na Opera walipounda kundi la WHATWG na kuanza kuandika kilichokuja kuitwa HTML5. Busara yao kubwa ilikuwa kuutenganisha mkataba katika sehemu mbili. Mwandishi anaagizwa asiandike tagi zilizopishana vibaya. Kivinjari kinaagizwa, kikikutana nazo, kizisomeje hatua kwa hatua, ili vyote vifikie jibu moja. Kosa likabaki kuwa kosa, lakini likawa na matokeo yanayojulikana. XHTML 2, iliyokuwa ikiandaliwa na W3C kwa njia ya zamani, ilisimamishwa mwaka 2009, na HTML5 ikaidhinishwa rasmi Oktoba 2014.

Hapa ndipo kihariri kinapojikuta mahali pagumu kuliko programu nyingine yoyote. Kinasoma kama kivinjari, kwa hiyo hakina budi kupokea uchafu. Kinaandika kama mwandishi, kwa hiyo hakina ruhusa ya kutoa uchafu. Na katikati ameketi mtu ambaye hajali upande wowote kati ya hizo mbili. Anataka neno lake liwe na herufi nzito.

Chukua kitufe cha Enter. Uwezo wa kuhariri maandishi ndani ya kivinjari chenyewe uliletwa na Internet Explorer 5.5 mwaka 2000, na wengine wakauiga bila ya kuwepo maelezo ya kina ya jinsi unavyopaswa kufanya kazi. Kwa miaka mingi mtu akibonyeza Enter, Internet Explorer ilianzisha aya mpya kwa tagi ya p, Chrome na Safari ziliweka boksi la div, na Firefox ilikata mstari kwa tagi ya br. Ilibadili mwenendo huo mwaka 2018 tu. Machoni mwa anayeandika vyote vitatu vinafanana: kishale kimeshuka chini. Kwenye msimbo ni mambo matatu tofauti, na ni moja tu linalosema kwamba hapa aya imeisha na nyingine imeanza. Makala iliyohaririwa na watu watatu kwenye kompyuta tatu iliweza kubeba mitindo yote mitatu ndani yake, na hakuna hata mmoja wao aliyefanya kosa.

Vihariri vya wavuti kama TinyMCE na CKEditor vilitumia nguvu nyingi kusawazisha tofauti hizo baada ya kutokea. Kizazi kilichofuata kilichukua njia nyingine. ProseMirror ya Marijn Haverbeke, iliyotangazwa mwaka 2015, haiuamini msimbo unaotolewa na kivinjari. Ina mfano wake wa hati ndani ya kumbukumbu, wenye kanuni za nini kinaweza kukaa ndani ya nini, na kila anachofanya mtumiaji hutafsiriwa kuwa badiliko la mfano huo. Hati isiyo halali haiwezi kuundwa kabisa. Mtumiaji haoni ukali wowote, kwa sababu ukali umehamia mahali unapostahili kukaa, kwenye programu. Huo, kwa maoni ya makala hii, ndio ufumbuzi bora uliopatikana kwa upande wa muundo.

Ufumbuzi huo una bei yake. Kihariri chenye mfano wake mwenyewe hukijua kile tu kilichomo kwenye mfano. Kisichokijua, hukitupa. Kwa anayebandika makala kutoka Microsoft Word hiyo ni neema: wahariri wa tovuti za habari wanaujua vizuri msimbo unaotoka huko, ulioshonwa kwa majina kama MsoNormal kwenye kila aya, na hufurahi ukipotea. Kwa fundi aliyeandika jedwali lake kwa mkono na kulipanga kwa uangalifu, ni hasara.

Ushindani wa FrontPage na Dreamweaver ulihusu jambo hilohilo. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na tabia ya kuupanga upya msimbo wa mtu kila alipofungua na kuhifadhi faili, hata kama aligusa neno moja tu. Macromedia ilipotoa Dreamweaver mwishoni mwa mwaka 1997, moja ya silaha zake za kuuzia ilikuwa ahadi ya kutougusa msimbo ulioandikwa kwa mkono, na FrontPage 2000 nayo ililazimika kutoa ahadi kama hiyo. Ahadi hiyo inaeleza kwa kiasi fulani zile asilimia 3 za Dreamweaver: programu inayoheshimu kila alichoandika mtu huyaheshimu na makosa yake.

Mfano ulio mpana kuliko yote ni Wikipedia. Kwa miaka zaidi ya kumi wachangiaji wake, wakiwemo wale wa Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, waliandika kwa lugha ya alama ya wiki: mabano mraba mawili kwa kiungo, apostrofi tatu kwa herufi nzito, mabano ya mawimbi kwa vigezo. Lugha hiyo haikuwa na sarufi rasmi. Maana ya alama ilikuwa ni chochote ambacho programu ya MediaWiki, inayoiendesha Wikipedia, ilifanya ilipokutana nayo. Kwa mgeni ilikuwa ukuta. Kwa mzoefu ilikuwa chombo alichokijua kwa vidole.

Julai 2013 Shirika la Wikimedia lilikifanya kihariri kipya cha kuona, VisualEditor, kuwa chaguo la kwanza kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Wachangiaji wa zamani walikipinga vikali, na kufikia Septemba mwaka huohuo kikarudishwa kuwa cha hiari. Ni rahisi kudhani walikataa tu kubadilika, lakini malalamiko yao yalikuwa na msingi. Mchangiaji aliyezoea kuona mabano mraba aliyachapa ndani ya kihariri kipya akitarajia kiungo. Programu ikaelewa kwamba anataka mabano yenyewe yaonekane, ikayafunika kwa tagi ya nowiki. Kwa kanuni ilikuwa sahihi: imehifadhi kilichoandikwa. Kwa mtu aliyeandika ilikuwa imeharibu, na mzoefu fulani akaachiwa kazi ya kusafisha.

Kilichokuwa kigumu zaidi kilijificha chini. Ili kuonyesha ukurasa kwa macho, wikimatini, yaani maandishi yenye alama za wiki, inageuzwa kuwa HTML. Mtu akimaliza kuhariri, HTML inarudishwa kuwa wikimatini. Alama kadhaa tofauti zinaweza kuwa na maana moja, na safari ya kurudi huchagua moja tu. Hapo mtu aliyerekebisha tahajia ya neno moja angejikuta amebadilisha nafasi, majedwali na vigezo vya ukurasa mzima, na wakaguzi wa mabadiliko wasingejua kipi alichokigusa kweli. Ni sawa na kumpelekea fundi cherehani suruali apunguze upindo, akairudisha amefumua na kushona upya kila mfuko. Wahandisi wa Parsoid, programu inayofanya ugeuzaji huo, walitatua sehemu kubwa kwa kukumbuka kila kipande cha HTML kimetoka wapi kwenye maandishi ya awali: ambapo mtumiaji hakugusa, maandishi ya awali hurudishwa herufi kwa herufi, hata yakiwa na kasoro.

Uamuzi huo una falsafa ndani yake, na unastahili kutetewa. Programu ingeweza kusafisha. Ilikuwa na ujuzi wa kusafisha. Ilichagua kutofanya hivyo kwa sababu mtu hakuomba, na kwa sababu badiliko asiloliomba lingebeba jina lake.

Usafishaji ulifanywa kwa njia nyingine, hadharani. MediaWiki ilikuwa ikitegemea Tidy, programu ya enzi ya HTML 4 iliyofunga kimyakimya tagi zilizoachwa wazi. Kufikia Julai 2018 ilikuwa imeondolewa kwenye wiki zote na nafasi yake kuchukuliwa na programu inayofuata kanuni za HTML5. Chini ya kanuni hizo tagi ya kukata maneno kwa mstari, ikiachwa wazi katika aya moja, haiishii hapo. Huweza kuendelea kukata kila kinachofuata hadi mwisho wa ukurasa. Kosa lililoishi miaka kumi bila kuonekana lingejitokeza ghafla. Kabla ya mabadiliko kulitengenezwa zana ya kuorodhesha kurasa zenye kasoro, na watu wa kujitolea wakazipitia na kuzirekebisha. Kiwango kilifuatwa, lakini baada ya walioathirika kuonyeshwa mapema ni nini kitavunjika na wapi.

GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, ilipita njia inayofanana mwaka 2017 ilipojiunga na CommonMark, maelezo sanifu ya lugha ya alama ya Markdown. Markdown, aliyoiweka hadharani John Gruber mwaka 2004, ilielezwa kwa maneno ya kawaida na programu moja ya mfano, na kila aliyeitekeleza alijaza mapengo kwa akili yake. Mwaka 2014 John MacFarlane, Jeff Atwood na wenzao walitoa maelezo kamili yenye mamia ya mifano. Walitaka kuyaita Markdown Sanifu. Gruber akakataa, na jina CommonMark likazaliwa. Kanuni mpya ilidai nafasi baada ya alama ya reli (#) inayoanzisha kichwa cha habari, ilhali maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wameandika bila nafasi. GitHub iliyapitia maoni yaliyokwisha kuhifadhiwa kwake na kuyaandika upya ili yaonekane kama zamani. Mafaili yaliyomo kwenye hazina za watu haikuyagusa, kwa kuwa hayakuwa yake.

Hata hivyo matarajio ya watu hayatoki kwenye nyaraka za viwango. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, lugha ya alama ya kwanza na pekee waliyowahi kuandika ni ile ya WhatsApp, iliyoletwa mwaka 2016: kinyota kimoja kila upande hutoa herufi nzito, mstari wa chini hutoa herufi za mlazo. Mtu huyo akiingia kwenye mfumo wa Markdown na kuandika neno MUHIMU kati ya vinyota viwili, kimoja kila upande, anapata mlazo. Kanuni ya CommonMark iko wazi na programu imeifuata. Ila hakuna hoja itakayomshawishi kwamba mazoea yake ya kila siku ndiyo yenye kasoro, na kihariri kinachoonyesha matokeo papo hapo wakati anachapa kitamsaidia kuliko ukurasa wowote wa maelekezo.

Mpaka hapa mgogoro unahusu umbo, na umbo programu inaweza kulibeba. Maana ni suala jingine. Kitufe cha mlazo kikibonyezwa, mtu amekusudia mkazo, jina la kitabu, au neno la kigeni? HTML ina tagi tofauti kwa makusudi hayo, na kihariri kinaona bonyezo moja tu. Waandishi wa HTML5 walilikabili hili kwa uaminifu. Rasimu za mwanzo ziliruhusu hata tagi ya font, iliyokwisha kupigwa marufuku kwa wengine, kwa vihariri vya kuona vitakavyojitambulisha kwenye ukurasa. Kifungu hicho kiliondolewa baadaye. Kilichobaki kinasema kwamba programu za kuandikia zinasamehewa kutumia tagi kwa maana yake kamili pale tu ambapo haziwezi kujua mwandishi amekusudia nini, lakini haziruhusiwi kuzitumia vibaya kwa makusudi.

Kwenye picha suala hili ni zito zaidi. Kila picha inatakiwa kuwa na maelezo ya maandishi kwa wasioiona. Miaka mingi kikaguzi kilihesabu ukosefu wa maelezo hayo kuwa kosa, na watengenezaji wa vihariri, wakitaka programu zao zisifiwe, waliweka maelezo matupu au jina la faili. Kikaguzi kikanyamaza. Asiyeona akasomewa mfululizo wa herufi na tarakimu, au akaambiwa kwa ukimya kwamba picha ni pambo lisilo na maana. Kiwango cha HTML cha WHATWG kimechukua msimamo wa kijasiri: kikaguzi kinaruhusiwa kunyamaza pale programu iliyotoa ukurasa inapotangaza kwamba haikuweza kupata maelezo ya picha, na programu isiyo na maelezo inaruhusiwa kuacha pengo badala ya kubuni. Mwongozo wa W3C wa vihariri, ATAG 2.0 wa mwaka 2015, nao haukubali jina la faili litumike kama maelezo. Pengo linaonekana, na kinachoonekana kinaweza kuzibwa. Uongo uliopita kikaguzi hautafutwi na mtu.

Uongo wa aina hiyo umejaa kwenye kurasa za Kiswahili zenyewe. Kila ukurasa hutakiwa kutaja lugha yake, na kwa Kiswahili alama ni sw. WordPress, inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, huichukua alama hiyo kutoka kwenye mpangilio wa lugha ya tovuti, na usipoubadili huwa ni Kiingereza cha Marekani. Wengi hawaubadili, kwa kuwa wamezoea menyu za Kiingereza. Tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016 kila mtumiaji anaweza kubaki na menyu zake za Kiingereza huku tovuti ikitangazwa kuwa ya Kiswahili, lakini uwezo huo umekaa kwenye ukurasa wa wasifu ambao wachache huufungua. Gazeti zima la Kiswahili linaweza kujitangaza kuwa la Kiingereza na likapita ukaguzi wa kanuni bila kosa. Anayesomewa na kompyuta husikia maneno ya Kiswahili yakitamkwa kwa kanuni za Kiingereza, mpaka abadili sauti mwenyewe kwa mkono, kama programu yake ina sauti ya Kiswahili.

Kihariri hakiwezi kulaumiwa kwa kutojua lugha ya mtu. Kinaweza kulaumiwa kwa kutouliza. Swali moja, "Unaandika kwa lugha gani?", likiulizwa mara ya kwanza mtu anapohifadhi andiko lake na jibu likakumbukwa kwa maandiko yanayofuata, lingetosha, na jibu likikosekana, alama ya lugha iachwe wazi hadi litakapopatikana.